Gari ikianza kulia usiongeze redio, sikiliza inalia wakati gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye magari, madereva na mafundi wenzangu kuhusu milio ya magari, manake huu ndo msimu wake. Ikifika Desemba watu wanafunga safari za Moshi, Bukoba, Mbeya, Songea, gari inajazwa watoto na mizigo mpaka juu, na sisi tuliopo gereji kipindi hiki tunaona magari yanaletwa na bredauni moja baada ya jingine. Ukimuuliza mwenye gari ilianzaje karibu wote wanajibu vilevile, ilikuwa inalia, tena muda tu, ila ilikuwa inatembea. Hapo kwenye "ilikuwa inatembea" ndo pananiuma. Gari nyingi haziharibiki ghafla, zinaanza kulia kwanza, wiki nzima, mwezi, saa nyingine miezi, halafu mtu anapandisha vioo anawasha AC anaongeza redio. Kitu ambacho kingeisha kwa hela ya pedi tu kinakuja kuisha kwa hela ya diski na kalipa, yaani kile kinachobana pedi kwenye diski, au kinaishia kwenye mteremko wa Kitonga familia ikiwa ndani.

Sitaki kumfanya kila mtu awe fundi, kila mtu na kazi yake. Ninachoomba ni mtu ajue mlio gani anatakiwa kusimama hapohapo, mlio gani anaweza kufika nao gereji wiki hii, na akifika gereji aseme nini.

Nianze na hilo la kusema nini kwa sababu linakula sana hela za watu. Ukija gereji usianze na "fundi nibadilishie shokapu" au "nadhani beringi imekufa, shemeji yangu kanambia". Anza na inalia wakati gani. Asubuhi ukiwasha au mpaka ipate moto? Ukiwa umesimama kwenye foleni au mpaka itembee? Ukikata kona, na ni kona ya kulia au ya kushoto? Ukikanyaga breki au ukiachia? Kwenye tuta kubwa, kwenye rasta, au hata kwenye lami safi? Na kabla haijaanza kulia gari ilifanyiwa nini, ulibadilisha tairi, ulifanya sevisi, uliosha injini, ulipita barabara ya vumbi? Hayo majibu ni dhahabu kwa fundi, manake kuna milio inafanana kabisa masikioni ila mmoja unatoka kwenye tairi lililolika vibaya na mwingine kwenye beringi au ndani ya giaboksi, na fundi asipojua unalia wakati gani atabahatisha, na kubahatisha kwake unalipia wewe.

Kuna kipimo hakina gharama yoyote. Simamisha gari sehemu salama, weka P, kama ni manyuo weka nyutro na vuta hendibreki, halafu piga resi kidogokidogo. Mlio ukitokea na ukawa unapanda na resi wakati gari imesimama, basi uko kwenye injini au kwenye vitu vinavyozungushwa na injini, oltaneta, wota pampu, kompresa ya AC, belti. Kama gari ikisimama iko kimya hata upige resi, ila ukianza kutembea mlio unakuja na unapanda na spidi, tafuta chini, kwenye tairi, beringi, breki, draivu shafti, yaani vile vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye tairi. Hapo tayari umeshaondoa nusu ya mambo ya kuhangaika nayo. Na kama hujui unatoka upande gani, shusha vioo vyote upite taratibu pembeni ya ukuta mrefu, ukuta uwe kushoto kwako, halafu rudi ukuta uwe kulia. Ukuta unakurudishia sauti na utashangaa unasikia vitu ambavyo barabarani hujawahi kuvisikia.

Sasa breki. Brekipedi mpya ile sehemu ya kusaga ina unene wa milimita 10 mpaka 12 hivi. Pedi nyingi zina kibati kidogo cha chuma pembeni, kimewekwa makusudi, pedi ikibaki kama milimita 2 au 3 kibati kinaanza kugusa diski na kutoa mlio mwembamba unaokera, kwiii, kwiii. Mtengenezaji kauweka ule mlio ili ujue muda umefika. Ukiusikia huna haja ya kupaniki, breki bado unazo, ila wiki hiyohiyo nenda zikaangaliwe. Wapo mafundi wanakikata kile kibati wakati wa kufunga pedi ili mteja asisumbuliwe na kelele, naomba mteja akija kufungiwa pedi asimame aangalie na akatae hilo, kile kibati ni chake na kinamlinda yeye.

Ukipuuza kwiii kinachofuata ni grrr, chuma kwa chuma, unaisikia mpaka kwenye unyayo. Hapo pedi imeisha yote na lile bamba la chuma la nyuma yake ndo linasaga diski, breki inashika vibaya, inachelewa, na pistoni ya kalipa imetoka nje kuliko kawaida mpaka inaweza kuvujisha fluidi. Kuna Noah ilikuja gereji tukafungua tairi la mbele kushoto, diski imechimbika mifereji mizima, ukipitisha kucha inakwama, na upande wa pili wa diski ambao huuoni bila kufungua tairi ulikuwa umelika mpaka umebaki mwembamba. Mwenyewe alikuwa anatoka nayo Kibaha kuja mjini kila siku asubuhi na anawapitisha watoto shule. Mlio wa grrr kwenye breki hauna habari ya kesho wala mwisho wa mwezi, gari inapaki, fundi anafuata ilipo.

Ila pia usibebeshwe hofu isiyo ya lazima. Asubuhi baada ya mvua, au ukitoka kuosha gari, diski inashika kutu nyepesi na breki za mwanzo zinakwaruza, ukikanyaga mara mbili tatu imeisha, hiyo ni kawaida. Na kuna kijiwe huwa kinaingia kati ya diski na ile bati nyembamba ya kukinga vumbi, mlio wake unatisha kuliko yote, mtu anasimama katikati ya barabara anajua gari ndo imekufa. Kama umetoka barabara ya vumbi au ya kokoto na mlio umeanza ghafla tu, kiwaze hicho kwanza, rudi rivasi kidogo taratibu mara nyingi kinadondoka chenyewe, kisipodondoka fundi anaivuta ile bati kidogo kwa bisibisi kinatoka. Nimeshaona watu wameuziwa beringi kwa sababu ya kijiwe.

Na nyie mnaoshuka Kitonga au Sekenke na gari nzito, ukianza kusikia harufu ya kuungua na pedali ya breki inakuwa laini, breki zimepata moto, tafuta pa kusimama zipoe. Dawa yake ni kuingia mteremko ukiwa tayari kwenye gia ndogo, sio kushuka nyutro kubana mafuta huku mguu umeuegemeza kwenye breki toka juu mpaka chini.

Nije kwenye injini, hapa ndo nataka watu wasome polepole. Kuna mlio mwepesi wa juu, ti-ti-ti-ti, unakuja ukiwasha asubuhi na kupotea baada ya sekunde chache. Ukiusikia kitu cha kwanza ni stiki ya oili, gari iwe sehemu ya usawa, izime ikae kidogo, toa stiki, futa, chomeka tena, ndo usome. Injini ya 1NZ ambayo imejaa mtaani kwetu kwenye IST, Probox, Raum na nyingine inabeba oili kama lita 3.7 pamoja na filta. Sasa ikipungua lita moja na nusu maana yake karibu nusu ya oili haipo, na unaweza usione taa yoyote imewaka, kwa sababu ile taa nyekundu ya kibuyu kwenye dashibodi haikwambii oili imebaki kiasi gani, inakwambia presha ya oili imeshuka, na presha ikishashuka umeshachelewa. Watu wengi hawalijui hili, wanasema "taa haijawaka bado" wanaendelea na safari. Tena injini hiyo inatumia taimingi cheni sio belti, na tenshena inayobana cheni inasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo oili ikiwa chache au imezeeka mpaka imekuwa nzito kama uji, cheni inalegea na ukiwasha unasikia kra-kra-kra kwa muda mfupi halafu kimya. Wengi wanaiona imenyamaza wanasahau. Siku ikiruka meno, kwenye injini hiyo valvu zinagongana na pistoni.

Wale wenye injini za zamani za belti, 5A na wenzake, belti haikuonyi kwa kelele kama cheni inavyofanya, mara nyingi inakatika kimyakimya na gari inazima tu. Kwa hiyo hao wasisubiri mlio, wahesabu kilomita, ikikaribia laki moja tangu ibadilishwe itolewe, na kama umenunua gari na hujui ilibadilishwa lini, ichukulie kama haijawahi kubadilishwa.

Halafu kuna mlio mzito wa chini, ko, ko, ko, unapanda ukipiga resi, unazidi injini ikipata moto, unazidi zaidi gari ikiwa na mzigo au inapanda mlima. Hizo ni beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti, ndo ile tunasema injini imenoki. Hakuna oili nzito wala dawa ya kwenye chupa inayorudisha beringi iliyokwisha kulika, inaficha tu sauti kwa siku chache, na najua zipo gari zinamwagiwa hizo dawa asubuhi ili mchana zikauzwe. Ukienda kununua gari ya mkononi omba uikute imelala, injini ya baridi kabisa, iwashe wewe mwenyewe. Ukikuta mwenyewe keshaiwasha na inanguruma anakusubiri, mwambie utarudi kesho yake asubuhi.

Ukiwa barabarani ukasikia ko-ko-ko na taa ya oili imewaka, zima injini hapohapo ukishatoka pembeni ya barabara. Sio ukifika Chalinze, sio sheli ya mbele, sio "kijiji kile pale". Dakika chache tu za kuendesha hivyo zinamaliza krankshafti, na hapo hutengenezi tena, unatafuta injini nzima. Bredauni ni ghali, naelewa, ila haijawahi kuwa ghali kuliko injini.

Upo na mlio wa mlimani, umekanyaga mafuta, gari iko kwenye gia kubwa, unasikia tiki-tiki-tiki za vyuma, ukiachia eksileta unaisha. Huo ni mafuta yanaungua vibaya ndani ya silinda kabla ya muda wake, sababu zake ni petroli mbovu, injini kuchemka, plagi zisizo zake, au masizi yaliyojaa ndani. Shusha gia, usiilazimishe, na ukifika salama fundi aangalie. Na ukisikia fssss na mvuke unatoka kwenye boneti, paki, zima, subiri ipoe kabisa, usiguse mfuniko wa rejeta ya moto hata kama una haraka ya msiba, watu wanaungua uso kwa kitu hicho.

Mlio mwingine wa kusimama papohapo ni huu, umetoka kwa fundi pancha, au juzi ulibadilisha tairi, na sasa unasikia koto, koto, koto ukiwa mwendo mdogo na usukani unatetemeka. Simama. Nati za tairi zimelegea. Usifike gereji, usifike popote, toa wili spana ya kwenye gari ukaze, na kama bolti imekatika au matundu ya rimu yameshatanuka, hiyo gari isiendelee. Tairi likishafungwa upya, baada ya kilomita 50 mpaka 100 unatakiwa usimame ukaze tena nati, na zinakazwa kwa kuruka, ya juu, halafu ya chini inayoikabili, sio kwa kuzunguka mduara. Kitu hiki hakina gharama na tairi linalochomoka barabarani halichagui nani wa kumgonga.

Milio mingine inakupa muda kidogo. Beringi ya tairi ni vuuuu, kama ndege inayopita mbali, inaanza spidi ya 40 au 50 na inapanda na mwendo, haijali resi. Ukiwa barabara nyeupe isiyo na watu yumbisha usukani kidogo, ukivuta kushoto uzito wa gari unahamia kulia, mlio ukiongezeka hapo beringi mbovu ni ya kulia, ukivuta kulia ukiongezeka ni ya kushoto. Tairi lililolika mawimbi linatoa sauti ileile kabisa, kwa hiyo kabla hujanunua beringi mwambie fundi ahamishe tairi za mbele ziende nyuma, sauti ikihama nazo ni tairi. Kama ni beringi, itoe ndani ya wiki, usisafiri nayo kilomita mia tano.

Draivu shafti nayo inajulikana kirahisi, kata usukani mpaka mwisho kwenye uwanja, tembea taratibu ukizunguka, kulia kisha kushoto. Ukisikia ka-ka-ka-ka, sivi jointi, kile kiungo cha mwisho wa shafti, imekwisha. Chanzo chake karibu mara zote ni ule mpira unaoifunika, unachanika, grisi inatoka, vumbi na maji vinaingia. Kila ukifanya sevisi mwambie fundi apige tochi kwenye hiyo mipira, mpira na grisi ni bei ndogo, ikishaanza kusema ka-ka-ka mpira hausaidii tena, unanunua jointi.

Sasa milio ya kugonga ya chini, na hapa naomba mafundi wenzangu wanivumilie. Hakuna sehemu watu wanaibiwa kama kwenye mlio wa koto-koto wa kwenye matuta, na mara nyingi hata sio wizi, ni kubahatisha. Gari inaingia, mteja anasema inagonga mbele, fundi hajaiendesha hata mita kumi, anasema shokapu. Zinafungwa shokapu. Bado inagonga. Basi ni bushi. Zinafungwa bushi. Bado. Basi labda rak endi. Nina mteja, dada mmoja muuguzi, alikuja na IST yake baada ya kupita gereji nyingine ambako alifungiwa shokapu mbili za mbele, bushi za kontroli amu na bol jointi, na bado ilikuwa inagonga vilevile. Nikamwomba aendeshe yeye mimi nikae pembeni, tukapita barabara ya mitaani yenye mashimo madogomadogo, mlio upo, tukapita tuta kubwa taratibu tairi zote mbili pamoja, mlio haupo. Hapo tayari nilijua pa kwenda, stabilaiza linki, manake kile chuma kinafanya kazi tairi moja linapopanda na lingine limebaki chini, zikipanda pamoja kinakuwa hakina kazi kubwa. Tukarudi, nikaishika kwa mkono tu gari ikiwa chini, inacheza. Ni spea ya bei ya chini kuliko vitu vyote alivyokuwa amefungiwa, na kufunga ni nati mbili. Alikaa kwenye benchi akawa anaangalia zile risiti zake bila kusema kitu. Sikuwa na la kumwambia, hela ile haikuwa inarudi.

Kwa hiyo mteja, usikubali spea yoyote ya chini inunuliwe kabla fundi hajaendesha gari au hajaendeshwa na wewe. Na kabla ya yote fungua buti, angalia jeki, wili spana na tairi la akiba vimefungwa, angalia betri imekazwa, jeki ikilegea inagonga vizuri tu na utaambiwa ni shokapu ya nyuma.

Ila humohumo kwenye koto-koto kuna kimoja sio cha mchezo, bol jointi, kile kiungo kinachoshikilia tairi kwenye kontroli amu. Stabilaiza linki ikikatika gari inayumba na kupiga kelele, utafika. Bol jointi ikichomoka tairi linalala ubavu hapohapo na usukani hauna tena kazi. Kwa hiyo kelele ya chini hata kama unadhani ni ya bei rahisi, lazima mtu aipige jeki, ashike tairi juu na chini alitikise, ashike kulia na kushoto alitikise. Ikicheza juu na chini angalia beringi na bol jointi, ikicheza kulia na kushoto angalia tairodi na rak. Ni kazi ya dakika chache na kwa gari inayokwenda safari ya mbali mimi siwezi kuiruhusu itoke bila hiyo.

Belti sitaikalia sana. Inalia kwiiii ukiwasha asubuhi au ukiwasha AC, imelegea au imekauka, inakazwa au inabadilishwa, usikubali kupakiwa mafuta wala sabuni kwenye belti ya gari yako. Ila ukisikia sauti kavu ya kusaga pale mbele ya injini, hiyo inaweza kuwa beringi ya oltaneta au wota pampu, na ikikwama belti inakatika, chaji inakata na kwenye gari nyingi injini inachemka palepale. Ekzosi ikipasuka wengi wanaona ni kelele tu na vijana wengine wanaipenda, lakini ikiwa imetobokea chini ya gari moshi unaingia ndani, na ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, watoto wakiwa wamelala siti ya nyuma vioo vimefungwa hutajua. Hiyo ichomelewe.

Na giaboksi, ikianza kuvuma au kugonga ukitoa P kupeleka D au R, kwanza mwambie fundi aangalie maunti za injini, ile mipira inayoishikilia injini, mara nyingi ni hizo. Kama ni giaboksi yenyewe, uliza ni ya aina gani kabla mtu hajamwaga kitu chochote ndani. Gari nyingi za miaka hii zina CVT, ile giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za kubadilisha moja moja, na CVT ina hydroliki yake, ukiiwekea ile ya giaboksi za kawaida kwa sababu ndo iliyokuwepo dukani umeiua.

Mafundi wenzangu, tuache aibu ya kusema "sijajua bado, niachie niisikilize". Mteja atakuheshimu zaidi kuliko kumfungia vitu vitatu kwa zamu. Mrudishie spea zake za zamani mkononi azione. Na akina dada wanaokuja peke yao tusiwaongezee bei wala ugonjwa.

Wenye magari mnaowapa vijana kwa mkataba au kwa hesabu ya siku, na nyie nina neno. Dereva anasikia beringi inavuma, anakupigia simu, unamjibu "hesabu yangu kwanza". Akipaki gari siku moja hana hela ya kukuletea, kwa hiyo anaendelea nayo na abiria ndani. Weka kwenye mkataba kwamba siku ya matengenezo hesabu haidaiwi, utaona gari yako inavyodumu. Na abiria wa daladala, ukisikia breki inasema grrr kila kituo, mwambie konda, mwambie dereva, wakikudharau shuka na umwambie trafiki wa kituo kinachofuata namba ya gari. Sio umbea huo.

Mwisho naomba gazeti lako lilisukume jambo moja kwa wanaohusika. Vyuo vya udereva vinafundisha alama za barabarani, kupaki, kupandisha mlima, ni vizuri. Waongeze siku moja tu ya kusikiliza. Mwanafunzi apandishwe kwenye gari yenye pedi zilizoisha asikie, yenye sivi jointi mbovu azungushe uwanjani asikie, ashike stiki ya oili kwa mkono wake. Magereji yetu yana vitu vibovu vimejaa, pedi zilizolika, diski, bol jointi zinazocheza, mimi nipo tayari kutoa vya kwangu bure kwa chuo chochote cha hapa Dar kitakachovihitaji, na najua mafundi wengi watakubali.

Fundi magari,
Tabata, Dar es Salaam